Siwezi kumlaza dada wako wa kazi ili ataje mwizi

Juzi mama mmoja alinipigia. Salamu haijaisha, akaingia kwenye shida yake: "Nasikia unalaza watu. Mkufu wangu wa dhahabu umepotea. Nikuletee huyu dada wa kazi umlaze, aseme mwenyewe." Ni simu ya nne ya namna hii mwaka huu, na subira yangu imekwisha.

Silazi mtu. Ninachofanya ni hipnosisi: mtu anatulia na kuelekeza umakini wake kwenye maneno yangu. Mawimbi ya ubongo ya aliye kwenye hipnosisi si ya usingizi. Lawama zimwendee James Braid, daktari mpasuaji wa Uskoti, aliyeieneza istilahi hii miaka ya 1840 kutoka neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye aliona amekosea akajaribu kuibadilisha, lakini watu walishaizoea. Wateja wangu husikia bodaboda nje. Mmoja, mkono wake ukishuka taratibu kwa uzito niliomwambia auhisi, alifumbua jicho moja akanijulisha kwamba simu yangu inatetemeka mezani, kisha akaendelea.

Kinachobadilika ni umakini, na jinsi ubongo unavyokipokea kinachoendelea. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake, Montreal, waliwatia watu mkono kwenye maji ya moto ya kuumiza. Chini ya hipnosisi waliwaambia karaha ya maumivu inazidi, au inapungua. Eneo la mbele la singuleti, sehemu ya ubongo inayohusika na karaha hiyo, likafuata maneno. Eneo linalopokea hisia za mwilini halikubadilika hivyo. Yaani moto ni uleule, ila haukeri vilevile. Kwa mtu mwenye wasiwasi hapo ndipo kazi yangu ilipo: moyo unaweza kudunda bila yeye kuamini kwamba anakufa. Naichanganya na tiba ya mazungumzo. Kwa kuacha sigara, ushahidi ni dhaifu kuliko mabango yanavyodai. Mwenye saikosisi, yaani aliyepoteza uwezo wa kutofautisha yaliyo halisi na yasiyo halisi, simgusi, namwelekeza kwa daktari wa akili.

Turudi kwenye mkufu, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Kumbukumbu si mkanda wa video uliofichwa kabatini ukisubiri mimi niubonyeze. Kila tunapokumbuka, tunaijenga upya. Nikimwambia yule binti, "Ni Jumanne, unaingia chumbani, droo iko wazi, nani yumo?" ataweka mtu. Pengine shamba boy, pengine mtoto wako wa kiume. Ubaya wa hipnosisi ni kwamba inamwongezea mtu uhakika bila kumwongezea usahihi; ataapa kwa Mungu, na hatakuwa anadanganya. Ndiyo maana mahakama nyingi za majimbo ya Marekani huukataa ushahidi uliopatikana hivyo. Na akiamua kudanganya kwa makusudi, anaweza pia.

Nikiri jambo. Kama hii ni hali ya pekee ya ubongo, au ni matarajio tu na mtu kukubali kushirikiana, wataalamu wamegombana tangu kabla sijazaliwa. Mimi hubadili upande kulingana na mteja niliyemwona asubuhi. Na wapo ambao haiwashiki kabisa, hata nifanyeje.

Yote haya nilimweleza yule mama, kwa adabu. Alinisikiliza hadi mwisho, akashukuru, kisha akauliza kama namfahamu mwingine anayeweza.