Northern Lights: indika ni umbo la mmea, si dawa ya usingizi

Dar es Salaam siku hizi bangi yoyote kali inaitwa skanka. Haijalishi imetoka wapi. Ikimlaza mtu sebuleni kwa watu hadi jogoo la kwanza, basi hiyo ni skanka. Huku Ontario, Kanada, ninakofanya kazi, wateja nao wana neno lao la jumla. Wanaingia dukani na kuomba "indika", wakimaanisha ile inayolaza. Mimi nailima hiyo indika kwa leseni, ndani ya kitalu nyumba, huu mwaka wa sita. Kila nikilisikia neno hilo, mteja anawaza kichwa chake kitakavyokuwa, mimi nawaza urefu wa shina.

Nitaeleza kwa kutumia aina moja ninayoijua kuliko zote, Northern Lights. Simulizi za asili yake ni nyingi kama za mizimu. Iliyoenea zaidi inasema ilianza na miche kumi na mmoja karibu na Seattle, Marekani, na kwamba mche namba tano ndio uliowashinda wenzake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadithi inakaa sawa kidogo: Nevil Schoenmakers, Mwaustralia aliyekuwa akiuza mbegu kutoka Uholanzi, aliipata, akaizalisha, akaitawanya duniani kwa posta. Damu kubwa ya mmea huu ni ya Afghanistan, na ndani yake kuna chembe ya Thailand.

Damu hiyo ya Kiafghani unaiona kabla hujasoma kibao. Majani ni mapana, vidole vyake vinapandiana. Vifundo vya shina vimekaribiana, na mmea mzima ukishakomaa ndani ya chumba haufiki mbali zaidi ya mita moja. Maua yake yanashikana vishada vigumu, yamefunikwa vinyweleo vya utomvu mpaka mkasi unanata. Haya hayakutokea hivi hivi. Wakulima wa kaskazini mwa Afghanistan, upande wa Balkh, kwa vizazi vingi walikausha mimea yao na kuichekecha ili wapate unga wa utomvu wa kutengenezea hashishi. Mmea usio na utomvu haukuwa na faida kwao, na mbegu zake hazikuwa na sababu ya kurudi shambani. Na kwa kuwa nchi ile ni kavu, maua yaliweza kushikana yanavyotaka bila kuoza. Kumbuka hilo la ukavu, maana limenigharimu.

Kwanza nimalize habari ya jina, kwa sababu lina kichekesho chake. Lamarck, mtaalamu wa mimea Mfaransa, alipoandika Cannabis indica mwaka 1785, alikuwa na mmea kutoka India, mwembamba wa majani, yaani wa sura ile ambayo wauzaji wa leo wangeiita sativa, kinyume cha indika. Ni miaka ya 1970, baada ya mtaalamu wa mimea Richard Evans Schultes kwenda Afghanistan, ndipo jina hilo lilipoanza kuvalishwa huu mfupi wenye majani mapana. Wauza mbegu wakalidaka, wakaliongezea maana ya usingizi, na ndivyo lilivyotufikia. Wachunguzi wa vinasaba wameonyesha mara kadhaa kwamba lebo za indika na sativa haziendi vizuri na ukoo halisi wa mimea. Kwangu shambani neno bado lina kazi: linaniambia mmea utakuwa mfupi, utachanua haraka, na utaniletea ukungu.

Ulaji wake wa mwanga ni rahisi kueleza. Bangi husoma urefu wa usiku. Mimea ikipewa saa 18 za mwanga na 6 za giza inakua majani tu. Ukibadilisha ikawa 12 kwa 12, inaanza kuchanua, na Northern Lights inakuwa tayari kwa wiki saba hadi tisa. Tunaotesha kwa vipandikizi vya mama mmoja wa kike, si kwa mbegu, ili mavuno yafanane na dume lisijipenyeze. Chavua ikiingia, nguvu ya mmea inakwenda kwenye mbegu na utomvu unapungua. Ubaya wa vipandikizi ni kwamba mama akiugua, watoto wote wamerithi. Siku hizi tunapima mama zetu maabara kwa sababu ya kimelea kidogo kuliko virusi, kiitwacho viroidi ya hopsi. Mmea unaweza kuonekana mzima kabisa, kisha wakati wa maua ukadumaa, utomvu hakuna.

Turudi kwenye ukungu. Mwaka wangu wa pili, kwenye kampuni niliyokuwa wakati huo, mashine ya kukausha hewa ilizimika usiku, taa zikiwa zimezimwa pia. Chumba kikipoa ghafla, unyevu hewani unapanda, na maji yanatua katikati ya vishada ambako upepo haufiki. Siku chache baadaye niliona jani moja dogo limekauka katikati ya ua lililonona. Nikalivuta, likatoka bila ubishi, na ndani kulikuwa na kijivu kama majivu ya sigara. Huyo ni kuvu wa Botrytis. Anaanzia ndani, kwa hiyo ukimwona nje ameshakula. Tulichoma karibu theluthi ya chumba. Tangu hapo, wiki za mwisho siruhusu unyevu uzidi asilimia 50, majani ya chini yanapunguzwa, na feni hazilali. Ua kubwa gumu ambalo wapiga picha wanalipenda, mimi nalitazama kwa wasiwasi.

Hapa ndipo ninapomjibu mwenzangu niliyesoma naye kilimo Morogoro, aliyenitumia ujumbe wa sauti akiuliza aina hii ingefanyaje kwenye jua letu. Sheria kwanza, na aliijua: Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaharamisha kilimo cha bangi, mche mmoja au ekari. Kanada ilihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, na hata hivyo kuvuka mpaka na bangi, kuingia au kutoka, ni kosa, uwe na cheti cha daktari au usiwe nacho.

Lakini swali lake kama swali la mimea ni zuri. Balkh wakati wa kiangazi siku ina zaidi ya saa 14 za mwanga; mmea unajazia mwili, kisha siku zikipungua unachanua. Dar es Salaam mwanga hauendi mbali na saa 12 mwaka mzima. Mmea wa Kiafghani ungedhani msimu umekwisha tangu uchanga wake, ungechanua ukiwa kimo cha goti, na masika yakiukuta na vile vishada vyake, kazi imeisha. Bangi zilizozoea maeneo ya joto, kama ile ya Malawi, zimejijengea njia nyingine: ndefu, majani membamba, maua yaliyoachana yanayopitisha upepo, na subira ya kuchanua kwa miezi. Zingine hazivuniki huku Ontario kabla baridi haijaingia.

Mavuno tunaamua kwa kioo cha kukuzia. Vile vinyweleo vikiwa angavu, bado. Vikigeuka rangi ya maziwa, karibu. Vichache vikianza kuwa kahawia ya asali, tunakata. Kisha siku 10 hadi 14 za kuning'iniza gizani, nyuzi 18 hadi 20, taratibu. Ukiharakisha, harufu inaruka na kinachobaki kinanuka majani makavu ya ng'ombe.

Harufu ya Northern Lights ni tamu, ya msonobari na udongo, na kinachotawala mara nyingi ni mirsini, mafuta yale yale yaliyomo kwenye mchaichai na maembe. Wauzaji wanapenda kusema mirsini ndiyo inayolaza. Ushahidi wenyewe ni wa panya waliopewa dozi kubwa, na mimi sijaona mtu aliyelazwa na embe.

Kinacholewesha ni THC, na aina hii kwa kawaida ina asilimia 16 hadi 21. Mwili unalegea, njaa inakuja, mdomo unakauka, moyo unaenda mbio, dakika zinarefuka. Usingizi unaweza kuja mapema kweli, ila THC hupunguza ule usingizi wa ndoto, na mtumiaji wa kila siku akiacha, ndoto zinarudi kwa fujo na usiku unakuwa mrefu. Ukivuta, unaisikia ndani ya dakika chache. Ukila, ini linaigeuza kuwa kemikali nyingine inayopenya ubongo vizuri zaidi, na inaweza kuchukua hadi saa mbili kabla hujahisi kitu. Wengi huongeza kipande cha pili hapo katikati, kisha wanajuta pamoja.

Nguvu hii si ya kuchezea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika The Lancet Psychiatry, wa miji ya Ulaya na Brazil, ulikuta kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kupata saikosisi, yaani ugonjwa wa kupotelewa na uhalisia, kuliko wasiotumia kabisa. Bidhaa yangu ina karibu mara mbili ya kiwango hicho. Kijana, au mwenye historia ya ugonjwa wa akili kwenye ukoo, mimi namwambia aiache, na meneja wangu anajua nasema hivyo.

Kwenye pakiti za Kanada namba ya kutazama ni jumla ya THC, ambayo ndiyo utakayoipata ukishaichoma, kwa kuwa ua bichi lina asidi inayogeuka THC kwa joto. Asilimia 20 ni miligramu 200 kwa kila gramu. Linganisha na pakiti ya vyakula vya bangi, ambayo sheria inaifungia kwenye miligramu 10. Neno indika likiwepo, mimi silisomi. Naanza na tarehe ya kufungashwa, maana ua likikaa mwaka, mirsini imeruka na THC imeanza kuchakaa, lebo ikiwa bado ina namba zake zile zile.