Jicho limerudi kuona? Hata hivyo njoo hospitali

Mimi ni muuguzi hapa Bukavu. Maswali haya nimeulizwa na jamaa za wagonjwa ambao daktari aliwaandikia SEP, yaani sklerozi, kwenye karatasi.

SEP ni ugonjwa gani?

Kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kula ngozi inayofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Jicho moja linafifia, mkono unakufa ganzi, miguu inakuwa mizito. Wanawake hupatwa zaidi, wengi wakiwa kati ya miaka 20 na 40.

Madaktari wanataja jeni, yaani chembe za urithi. Basi ni laana ya ukoo?

Hapana. Tafadhali acheni kumtafuta nyanya wa kulaumiwa. Hakuna jeni moja inayoleta SEP. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulilinganisha wagonjwa zaidi ya 47,000 na watu zaidi ya 68,000 wasiougua, karibu wote wenye asili ya Ulaya. Zilionekana tofauti zaidi ya 200 katika jeni, nyingi zikihusu kinga, na kila moja inaongeza hatari kidogo tu. Watazameni mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile: mmoja akiugua, mwenzake huugua mara moja hivi kati ya nne. Laana gani hiyo inayochagua pacha mmoja?

Virusi vya Epstein-Barr, vinavyoenea hasa kwa mate, navyo vimo katika visababishi. Mwaka 2022 uchunguzi wa askari wa Marekani ulionyesha kwamba hatari hupanda mara 32 baada ya kuambukizwa. Lakini karibu watu wazima wote tunavyo, na wachache mno huugua.

Watoto wangu watarithi?

Kati ya watoto 100 wa wagonjwa, zaidi ya 95 hawaugui kamwe.

Tulipe kipimo cha jeni?

Msipoteze pesa. SEP hutafutwa kwa IRM, yaani picha ya ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na kwa maji ya mgongo.

Dada yangu aliombewa, jicho likaona. Hospitali ya nini tena?

Hapa nisikilizeni. SEP mara nyingi huja kwa mashambulizi. Shambulizi hukaa majuma kadhaa, kisha mara nyingi hupoa lenyewe, umekunywa mizizi au hukunywa. Kupoa si kupona! Mgonjwa anatoa ushuhuda kwenye chumba cha maombi, familia inashangilia, na shambulizi linalofuata linamkuta bila dawa. Kisha analetwa kwetu akiwa amebebwa mgongoni. Kuna dawa zinazopunguza mashambulizi, ila haziwezi kurudisha mishipa iliyokwisha kuharibika. Ombeni, sikatazi. Ombeni mkiwa njiani kuja.

Na kama ni miguu tu imelegea, tungoje kidogo?

Hapana. Huenda hata si SEP: hapa kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo kinalegeza miguu, nacho kina dawa.

Hata wiki moja?

Hata wiki moja msingoje. Mkojo ukikwama, ni siku hiyohiyo, hata usiku.

Tuje na nini?

Tarehe. Lini jicho lilififia, lini lilirudi, hata kama ni miaka mitatu iliyopita na mlidhani yamekwisha.