Megapikseli nyingi si picha safi
Kwenye maduka ya kamera Kampala, swali la kwanza ni lilelile: ina megapikseli ngapi? Halisaidii sana. Megapikseli 24 ni nukta 6000 kwa 4000. Ukurasa wa A4 unaochapwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, hauhitaji hata 9.

Kinachoharibu picha za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba) jioni ni mwanga hafifu. Lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi 55, kwa kawaida hufunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Ya milimita 50 f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10. Pale ambapo hii inatosheka na ISO (kiwango cha kukuza mwanga ndani ya kamera) ya 640, ile ya 18-55 itadai 6400, na gomesi (vazi la heshima la wanawake wa Uganda) ya buluu iliyoiva itajaa chengachenga. Uliza lenzi kwanza, kisha ukubwa wa kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera.