Rizobia na mikunde ya malisho katika nyanda za Mediterania

Ufungaji wa nitrojeni ni kazi ya bakteria kuichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa amonia, ambayo mmea huitumia kujenga protini. Takriban asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini hakuna mmea unaoweza kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Hata mikunde, inayosifiwa kwa kurutubisha udongo, hutegemea bakteria waitwao rizobia, ambao Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga mwaka 1888.

Rizobia huingia kwenye mizizi michanga na kuishi ndani ya vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mizizi, wakilishwa na mmea vyakula vitokanavyo na sukari. Kimeng'enya chao, nitrojenasi, huharibiwa na oksijeni. Kwa hiyo kinundu huwa na protini yenye madini ya chuma, ndugu wa himoglobini ya damu yetu, inayodhibiti oksijeni hiyo. Ndiyo maana kinundu kinachofanya kazi huwa na rangi ya waridi ndani kikipasuliwa, ilhali cheupe kwa kawaida hakiufaidii mmea. Wengi wanaokagua mikunde huhesabu vinundu tu bila kutazama rangi yake, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanapopotoka.

Katika malisho ya dehesa nchini Uhispania na montado nchini Ureno, chini ya mialoni, mikunde mingi huishi msimu mmoja: huota mvua zikirejea baada ya kiangazi, huchanua majira ya kuchipua, kisha hufa na kuacha mbegu zenye maganda magumu. Klova (mkunde mdogo wa malisho) iitwayo Trifolium subterraneum hata huzifukia mbegu zake ardhini. Kwa kuwa mizizi hufa kila mwaka, mche mpya hulazimika kukutana upya na rizobia walionusurika katika udongo mkavu, tena wawe wa aina inayoufaa: wa klova hawaifai Medicago, kundi jingine la mikunde, na Sinorhizobium meliloti, mmoja wa wanaoifaa Medicago, hudhoofika katika udongo wenye asidi, ambako jamaa yake Sinorhizobium medicae hustahimili zaidi.

Nyasi za jirani hunufaika hasa mikunde inapooza, au mifugo inapoila na kurudisha nitrojeni kwa samadi na mkojo. Udongo ukishakuwa na nitrojeni nyingi, mikunde hupunguza vinundu, na nyasi huanza kuisonga.