Samaki hana homoni ya mapenzi (na wewe pia huna)

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sendofu ya mtoto wa jirani, MC kashika maiki, kaanza: "Ndugu wageni waalikwa, sayansi inasema mtu akipenda ubongo unamwaga oksitosini, homoni ya mapenzi, hata samaki anayo, sembuse bwana harusi wetu!" Vigelegele ukumbi mzima, mama mmoja akainuka akaenda kumtunza elfu tano, na mimi nimekaa na paja langu la kuku nimenuna. Hiyo ilikuwa mara ya nne mwezi huu. Redioni nimeisikia, kwenye grupu la familia imeletwa na video kabisa, fundi wa simu naye kaniambia mke wake "homoni zake za ubongo zimepanda" ndo maana kamnunia. Basi ngoja tuelewane.

Maana yenyewe ni fupi. Homoni ni kemikali ambayo mwili unaitengeneza sehemu moja, inasafiri, mara nyingi kwa damu, halafu inabadilisha utendaji wa sehemu nyingine, na inagusa zile seli tu zenye kipokezi chake, yaani mahali pa kuidaka. Homoni za ubongo zinatengenezwa na seli za neva, hasa pale chini ya ubongo panapoitwa haipothalamasi. Nyingine zinashuka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, zikaingia kwenye damu, nyingine zinamwagwa humohumo ndani ya ubongo zikabadilisha jinsi seli za jirani zinavyosikilizana. Kwa samaki mbili ndo zinatajwa sana linapokuja suala la kuishi na wenzao, isotosini na vasotosini. Imeisha hiyo.

Sasa twende kwenye majina maana humo ndimo ugomvi wangu ulipo.

Oksitosini ni maneno mawili ya Kigiriki, oxys ni kali au ya haraka, tokos ni kuzaa. Yaani uzazi wa haraka. Mwaka 1906 huko Uingereza Henry Dale alichukua dondoo la tezi ya pituitari akaona linafanya mfuko wa uzazi wa paka ujikaze, jina likatokea huko. Kwa hiyo hii kitu imezaliwa leba, haikuzaliwa ukumbini. Mama yeyote aliyewahi kuwekewa dripu ya kuongeza uchungu ameonja oksitosini yenyewe, ile ya kutengenezwa, hebu nenda kamuulize usiku ule alikuwa anajisikia mapenzi kwa nani, afu ukimbie.

Baadaye ikajulikana ni mnyororo mfupi tu wa asidi amino 9, vile vipande vinavyojenga protini. Vincent du Vigneaud kule Marekani aliutengeneza maabara mwaka 1953, na 1955 akapewa Nobeli ya kemia. Isotosini ya samaki nayo ina asidi amino 9, saba zinafanana na za oksitosini, ya 4 na ya 8 ndo tofauti. Iso ni sawa. Kwa hiyo samaki anayetaga mayai yake kimyakimya kabebeshwa jina lenye maana ya "uzazi uleule", uzazi upi sijui. Vasotosini ndo kichekesho zaidi, vaso ni chombo au mshipa, ukiunganisha unapata mshipa-uzazi, nenda kamwambie samaki. Ila nikubali pia upande wa pili, mwaka 2021 kuna watafiti walipendekeza kwenye jarida la Nature kwamba tuache majina haya rundo, wanyama wote wenye uti wa mgongo tuseme oksitosini na vasotosini tu kwa sababu jeni ni zilezile. Kwa hesabu hiyo MC yuko sahihi, samaki anayo. Kinachonikera ni lile neno la pili, mapenzi, na zaidi ya hapo ni lile la kwanza, homoni, jinsi watu wanavyolitumia kama vile homoni ni bosi anayetoa amri kutoka ofisini.

Neno homoni lilianza kutumika mwaka 1905, Ernest Starling alilitumia kwenye mihadhara yake London. Limetoka kwenye kitenzi cha Kigiriki, hormao, nachochea, nasukuma kitu kianze. Sisi tulipotafsiri wengi wakasema "kichocheo", na mimi nakwambia hiyo tafsiri ni nzuri kuliko hata ya Wagiriki, ila sijui tuliipoteza wapi maana yake. Kuchochea ni nini? Bibi yangu alikuwa anapika na mafiga, ukuni ukiisha mdomoni anausukuma ndani, moto unashika. Huko ndo kuchochea. Sasa angalia, akisukuma ukuni mkavu unapata mwali, akisukuma mbichi unapata moshi na machozi, na kama jana yake hapakuwashwa moto anaweza kusukuma mpaka jioni asipate kitu. Msukumo ni uleule! Kinachotokea kinategemea moto uliopo na kuni zilizopo. Hata yule anayekamatwa kwa uchochezi, shtaka lenyewe linakiri kwamba kulikuwa na watu wenye hasira zao tayari. Kichocheo hakiumbi kitu kutoka hewani.

Hapo ndo samaki wanapoingia, na bahati nzuri samaki waliotufundisha hili ni wa kwetu, wa Ziwa Tanganyika.

Kuna mmoja anaitwa Astatotilapia burtoni, kadogo, ndugu wa sato na perege, anakaa maji ya kina kifupi kandokando ya ziwa na kwenye midomo ya mito. Jina burtoni ni la Richard Burton, yule Mwingereza aliyefika Ujiji na Speke mwaka 1858, samaki walikuwepo wanajijua lakini ndo hivyo. Dume la burtoni linaishi maisha ya aina mbili. La kwanza ni mwenye eneo, rangi inang'aa, buluu au njano, kuna mstari mweusi unakatiza jichoni, anachimba kishimo mchangani, anafukuza madume wengine na anatikisa mwili mbele ya majike. Jike likitaga linayaokota mayai linayaweka mdomoni, na kwenye pezi la chini la dume kuna madoa yanafanana na mayai, jike likiyafuata kama linataka kuyaokota na hayo mdomo wake unafika palepale mbegu zinapotoka. Dume la pili ni la kawaida, limepauka, halina eneo, linatembea na majike kama jike. Na hawa wa pili ndo wengi.

Uzuri ni kwamba hali hizi si za kuzaliwa. Mkubwa akitoweka, mdogo anapanda. Mwaka 2005 watafiti wa maabara ya Russell Fernald pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifanya kitu cha kijasusi kabisa, walivaa miwani ya kuonea gizani wakamtoa dume mkubwa kabla taa hazijawaka, asubuhi taa zikawaka, mdogo anaangalia huku, anaangalia kule, mkubwa hayupo. Ndani ya dakika, narudia dakika, ameanza kubadilika rangi na kufukuza wenzake, na kwenye ubongo wake, sehemu ya mbele ya haipothalamasi, jeni za kuitikia jambo jipya zimeshawaka. Sehemu hiyohiyo ina seli zinazotengeneza homoni wanaiita GnRH, ndiyo inayoamsha pituitari, pituitari nayo ikaamsha korodani. Kwa dume mwenye eneo seli hizo ni kubwa mara 8 hivi kwa ujazo kuliko za dume asiye na eneo. Ukimnyang'anya eneo zinasinyaa, ukimrudishia zinakua.

Soma tena mpangilio wake hapo juu. Kwanza aliona nafasi. Tabia ikabadilika. Seli za homoni zikakua baadaye, kwa muda wa siku kadhaa. Watu wote ninaowasikia wanaisimulia kinyume, "homoni zilipanda akawa mkali". Huyu kapanda cheo, homoni zikafuata, halafu ndiyo homoni zikamsaidia kukaa kwenye cheo. Ni njia ya kwenda na kurudi, na mara nyingi safari inaanzia nje, kwa wenzake.

Kuna jaribio lingine la 1992 la maabara hiyohiyo huwa nawapa wabishi, waliwahasi madume wa burtoni. Kwa hadithi ya mtaani dume aliyehasiwa atakuwa mpole aachie kiti, kwisha. Ukali ulipungua kweli, ila kiti hawakuachia, walibaki wakubwa vilevile. Testosteroni, homoni ya kiume inayotoka kwenye korodani, imeondoka na cheo kimebaki, sasa bosi alikuwa nani hapo?

Haya, turudi kwa isotosini, ile "ya mapenzi".

Humohumo Tanganyika kuna samaki mwingine, Neolamprologus pulcher, pulcher ni Kilatini cha mzuri na kweli ni mzuri, mapezi marefu yanaishia kama nyuzi. Hawa wanaishi kifamilia kwenye miamba, mume na mke wakubwa halafu wasaidizi wadogo ambao hawazai, kazi yao kusafisha mayai, kulinda, na kuhamisha mchanga. Ukimwangalia msaidizi anajaza mchanga mdomoni anaenda kuutema nje ya pango, anarudi tena, siku nzima, utafikiri amelipwa. Mkubwa akimsogelea kwa ubaya, mdogo anainamisha mwili na kutetemesha mkia, yaani shikamoo mkuu, na mambo yanaisha bila kung'atana.

Mwaka 2012 Adam Reddon na wenzake walitoa matokeo ya kuwadunga hawa isotosini. Kama ni homoni ya mapenzi ungetegemea wakumbatiane, si ndiyo? Waliodungwa walitetemesha mkia zaidi pale walipoonewa na wenzao wa kundi, sawa, hapo MC angepiga makofi. Ila walipowekwa kwenye ugomvi wa eneo walikuwa makini zaidi na ukubwa wa mpinzani, wakawa wakali zaidi kwa mpinzani mkubwa kuliko mdogo. Kemikali ileile, huku heshima, kule ngumi. Na kwenye kazi nyingine ya watafiti haohao isotosini ilipunguza hamu ya samaki hawa ya kukaa na kundi. Ilipunguza! Nenda sasa kwa samaki wa dhahabu, wale wa kwenye matangi ya sebuleni, mwaka 2004 ilionekana isotosini inawafanya madume wasogeleane zaidi na vasotosini inawafanya wasogeleane kidogo. Spishi nyingine, jibu lingine. Kuni mbichi, kuni kavu.

Vasotosini nayo usiipe kazi moja. Kwa yule burtoni wetu, dume mwenye eneo anatengeneza vasotosini nyingi zaidi kwenye kundi la seli kubwa za haipothalamasi, na dume asiye na eneo anatengeneza nyingi zaidi kwenye kundi la seli ndogo, hatua mbili tu pembeni. Kwa hiyo mtu akikuuliza "vasotosini inaleta ukubwa au udogo?" muulize na wewe, ya seli zipi? Na ukisaga ubongo mzima ukapima jumla unaweza usione kitu kabisa, kumbe tofauti yote iko kwenye mahali.

Tafsiri ya Reddon na wenzake ya yale matokeo ya 2012 naipenda, kwamba isotosini inaongeza usikivu wa samaki kwa habari za kijamii. Nani mkubwa, nani mdogo, huyu ananitisha au ananipita tu. Samaki akishasikia vizuri, anachofanya kinategemea alichosikia, anaweza kuinama na anaweza kupigana.

Na dopamini naomba tusiiguse leo, hiyo watu wanaiita homoni kila dakika wakati kazi yake kubwa ubongoni ni kupeleka ujumbe kati ya neva na neva, nikianza hiyo hatulali.

Kwa hiyo MC, kaka yangu, kazi yako naiheshimu na ule utani wa bwana harusi na ndoo ulinichekesha kweli. Mara nyingine sema hivi: "Ndugu wageni waalikwa, hata samaki wa Tanganyika ana homoni inayomfanya amwangalie mwenzake kwa makini zaidi kabla hajaamua amwinamie au amng'ate." Najua elfu tano ya yule mama hutaiona, ila kwa ndoa ninazozijua mimi mtaani kwetu, hiyo sentensi iko karibu zaidi na ukweli.