Umejuaje? Insha ya kitaaluma mbele ya mlango wa nakshi

Insha nyingi za mwaka wa kwanza ninazosahihisha huanza hivi: "Tangu enzi na enzi, sanaa imekuwa na mchango mkubwa katika jamii." Sarufi haina kosa. Lakini ing'oe sentensi hiyo, uone kama kuna kitu kitapungua. Katika somo la stadi za mawasiliano tulihangaika nayo kwa miaka, tukihubiri utangulizi, kiini na hitimisho, mpaka tukaamua kuwatoa wanafunzi darasani na kuwasimamisha mbele ya mlango.

Mlango wenyewe ni wa nakshi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sharti la kwanza: dakika 20, andika unachokiona tu. Neno "maridadi" marufuku, na "unaashiria" vilevile. Dakika tano za mwanzo ni mateso, watu wanatazamana. Kisha macho yanafunguka. Mbawa mbili, mfaa, ule mti wa katikati, umechongwa kuliko mbawa zenyewe. Njumu za shaba, yaani misumari yenye vichwa vikubwa, zimepangwa kwa safu. Kwenye mwimo, samaki chini, majani yakipanda juu. Kizingiti cha juu kimenyooka na kina maandishi ya Kiarabu. Ukingoni, mnyororo umezunguka fremu.

Mwaka 1939 Erwin Panofsky, mtaalamu wa historia ya sanaa mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliugawa usomaji wa picha katika ngazi tatu: unachokiona; kisha kile ambacho desturi na maandishi ya watu husika yanakitambua; mwisho, inachosema picha hiyo kuhusu zama zake. Wanafunzi wetu hurukia ya tatu, wakaezeka nyumba isiyo na kuta.

Mnyororo ndio unaowaumbua. Karibu kila kundi huandika: "Mnyororo unaonyesha kuwa mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa." Umejuaje? Tumesikia kwa watembeza wageni. Sawa, simulizi nayo ni chanzo. Ila inashuhudia jinsi watu wanavyoueleza mlango leo. Alichokusudia fundi ni habari nyingine.

Basi tulijaribu dai hilo. Baadhi ya milango ina mwaka wa Hijria kwenye kizingiti cha juu. Tuseme huu umeandikwa 1310, yaani kati ya Julai 1892 na Julai 1893. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Nani angeitangaza biashara hiyo mlangoni karibu miaka 20 baada ya kupigwa marufuku? Hapo mwanafunzi hushangilia: dai limekufa! Halijafa. Kumiliki watumwa kuliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi 1897. Kuuza watu na kumiliki watu ni mambo mawili, na anayeyachanganya ataangushwa na msomaji makini wa kwanza. Isitoshe, milango huhamishwa; huenda huu ulichongwa kwa ajili ya nyumba nyingine kabisa.

Kuna wanaosema mnyororo ni ishara ya ulinzi wa nyumba. Huenda pia ni pambo tu la ukingo. Utachaguaje? Tembea mtaa mzima, ukague milango mingine. Ukiukuta mnyororo kwenye nyumba za kila aina ya watu, maana inayowahusu wauza watumwa peke yao inakosa pa kusimama. Baada ya mzunguko huo kundi moja liliandika: "Ingawa watembeza wageni huuhusisha mnyororo na biashara ya watumwa, kuonekana kwake kwenye milango mingi ya mtaa huu kunaelekea kuonyesha pambo lililozoeleka miongoni mwa mafundi." Hiyo sasa ni hoja kuu. Mtu anaweza kuipinga, na anajua aende kutazama wapi ili aipinge. Angalieni pia "kunaelekea kuonyesha": kitenzi kimepimwa kulingana na ushahidi. Mimi humpa alama mwanafunzi kwa neno kama hilo kabla ya kumpa kwa msamiati mzito.

Kwa njumu tuna bahati zaidi. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja miaka ya 1850, alichapisha mwaka 1872 maelezo kwamba lango kubwa, kufuli zito na misumari mikubwa vilikwenda na heshima ya mwenye nyumba. Shahidi wa macho, lakini pia mgeni mwenye dharau nyingi kwa watu aliowaandika. Mnukuu, ila msomaji aambiwe ni nani anayesema.

Zoezi la ulinganishi ni jepesi. Heinrich Wölfflin, Mswisi, alizoea kuwaonyesha wanafunzi wake picha mbili kwa pamoja ukutani. Sisi tunaweka mlango wa kizingiti kilichonyooka kando ya ule wa juu wenye tao, ambao kwa kawaida huhusishwa na mtindo wa Kihindi. Ghafla "ilhali" na "kinyume chake" zinapata kazi ya kufanya, badala ya kupachikwa mwanzo wa aya kama urembo.

Si lazima uwe Unguja. Kinyago sebuleni kitafaa, au kanga ya mama, ambayo pindo, mji na jina lake vinakupa aya tatu kabla hujafungua kitabu. Kigezo ni kimoja: uweze kurudi kukitazama tena pale mwalimu atakapoandika pembeni "umejuaje?"

Na daftarini weka tarehe uliyokiona, mtaa, na upande uliosimama. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani hapo Mji Mkongwe, ilijengwa 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka. Aliyeipitia upande ule kwa kalamu mwezi mmoja kabla, akaandika alichokiona tu, bila "maridadi", daftari lake sasa linanukuliwa.