Muundo wa kielementi na wa kibayokemia wa zuplanktoni wa baharini: maana yake

Mkulima wa Mbozi au Mbarali anaposoma namba 46 kwenye mfuko wa urea, anajua kwamba kila kilo 100 za mbolea hiyo zina kilo 46 za naitrojeni. Lakini mama anayenunua maharage sokoni Mwanjelwa hatafuti naitrojeni; anatafuta protini, ingawa naitrojeni imo ndani ya protini hiyo hiyo. Wa kwanza amesoma muundo wa kielementi, wa pili anajali muundo wa kibayokemia, na wataalamu wa bahari nao huuliza maswali hayo mawili kuhusu zuplanktoni, yaani wanyama, wengi wao wadogo sana, wanaoelea majini na kuchukuliwa na mikondo.

Muundo wa kielementi ni kiasi cha kaboni, naitrojeni, fosforasi na elementi nyingine zilizomo mwilini. Muundo wa kibayokemia hueleza elementi hizo zimeungana kuwa nini: protini, mafuta, wanga, asidi za kiini (DNA na RNA), au kaitini, ambayo ni kijenzi cha ganda.

Vipimo hivi kwa kawaida hutolewa kwa uzani mkavu, yaani uzani wa mwili uliokaushwa, na hapo msomaji awe mwangalifu. Kopepodi, mnyama mdogo wa maji wa ukoo wa kamba ambaye mara nyingi ndiye mwingi kuliko wote kwenye nyavu za watafiti, ana maji yapatayo asilimia 70 hadi 90 ya mwili wake. Yavuyavu ana maji zaidi ya asilimia 95, na hata akikaushwa, sehemu kubwa ya kinachobaki ni chumvi ya bahari. Kwa hiyo kaboni ya kopepodi mkavu huwa karibu asilimia 40 hadi 50, ilhali ya yavuyavu huwa chini sana ya hapo, na kulinganisha kilo moja ya huyu na kilo moja ya yule bila kueleza jambo hili ni kumpotosha msomaji.

Kopepodi wengi wa bahari za joto, kama hii yetu ya Hindi, ni protini kwa sehemu kubwa, na wanga ni kidogo tu. Katika bahari za baridi za kaskazini hali ni nyingine. Kopepodi wa jenasi ya Calanus hula mwani mdogo sana unaoelea majini kwa pupa wakati wa majira mafupi ya neema, kisha huteremka kilindini na kupitisha baridi wakiishi kwa akiba ya mafuta ya aina ya nta, ambayo yaweza kuzidi nusu ya uzani wao mkavu. Ni ghala kamili, kama kihenge cha mahindi kinachosubiri miezi ya njaa.

Miundo hii miwili husomana. Protini ina naitrojeni ipatayo asilimia 16, lakini mafuta ya akiba hayana naitrojeni kabisa na yana kaboni tele. Hivyo uwiano wa kaboni kwa naitrojeni ukiwa karibu na 4 kwa uzani, tunajua mwili ni wa protini, na ukipanda sana, mnyama ameweka mafuta. Hata hivyo, kaitini nayo ina naitrojeni, kwa hiyo anayekadiria protini kwa naitrojeni peke yake hupata jibu kubwa kuliko ukweli.

Mwaka 1934 Mmarekani Alfred Redfield alionyesha kwamba elementi za planktoni, yaani mwani huo na wanyama hao wanaoelea, hufuata uwiano unaokaribiana baharini kote. Leo hutajwa kama atomi 106 za kaboni kwa 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Huo ni wastani tu. Mwani hubadilika upesi kufuatana na virutubisho unavyopata, lakini mnyama hushikilia uwiano wake: kaboni ya ziada huitoa kwa kupumua na kwa kinyesi, na naitrojeni ya ziada huitoa zaidi kama amonia, ambayo mwani wa jirani huifyonza mara moja, kama mhindi unavyofyonza urea.